Kamba ipi, chuma kipi? Kufunga machela na turubai bila kuanguka usiku



Mwaka jana katika kambi ya vijana, yapata saa nane za usiku, tulisikia mlio kama wa tawi linalovunjika, kisha kishindo, kisha kimya. Halikuwa tawi. Ilikuwa kamba ya plastiki ya bluu, ile inayouzwa kwa mita katika kila soko letu, ambayo kijana mmoja alikuwa amefungia machela yake kati ya miti miwili. Alianguka kwa mgongo juu ya mzizi, kutoka kimo kinachozidi mita moja. Kwa muda hakuweza kusema wala kusogeza miguu. Tuling'oa mlango wa jiko, tukamlaza juu yake, tukambeba mwendo wa saa mbili hadi kituo cha afya. Mifupa ilikuwa mizima, Mungu ni mwema, lakini kijana alikaa majuma matatu bila kuweza kuinama. Msimamizi wa kambi ile nilikuwa mimi. Jioni nilipita pale, nikaiona kamba, nikaigusa kwa mkono, nikasema, "Iko sawa."

Haikuwa sawa, na mtu anayejua mambo mawili matatu angeliona hilo kabla ya jua kuzama. Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi, madereva wa malori na ndugu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kupanda nguzo za simu. Nimepima, nimekata kamba kwa makusudi, nimeanguka mara mbili mimi mwenyewe (karibu na ardhi, juu ya majani). Ninaandika haya kwa ajili ya wanaoongoza kambi za vijana, na kwa timu zinazotembea kwa miguu msituni zikipeleka chanjo, vitabu au neno, ambazo giza huzikuta mahali pasipo na nyumba.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu ukisema machela, wengi wanafikiri kipoyi cha kubebea wagonjwa. Ni ndugu wa damu. Machela ninayosema hapa ni kitambaa kirefu kama mita tatu, kimekusanywa ncha zote mbili, kimetundikwa kati ya miti miwili ili mtu alale ndani yake. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walilala hivyo kabla ya mwaka 1492, Kolumbo alipofika huko na kuviona vitanda vyao. Jina la Kifaransa, hamac, limetoka katika lugha yao. Mabaharia wa Ulaya waliiga upesi, kwa kuwa kitanda kinachoning'inia hakimtupi mtu chini meli inapoyumba.

Katika misitu yetu faida yake ni nyingine. Ardhi ina maji, ina mizizi, ina mteremko, na ina siafu. Hema linataka mahali tambarare pa mita mbili kwa mbili, na anayetembea kutoka Lubutu kuingia msituni anajua mahali hapo si rahisi kupata. Machela inataka miti miwili tu. Mzee mmoja wa kanisa letu alipoona tunajifunga hivyo aliuliza kama sasa tumekuwa popo. Usiku mvua ilipoingia chini ya hema lake alikuja kuuliza kama tuna machela ya ziada.

Pembe kwanza, kamba baadaye

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza kamba ipi ina nguvu. Hata mimi nilianza hapo. Lakini kamba ile ya bluu haikukatika kwa sababu ya udhaifu wake peke yake. Ilikatika kwa sababu kijana alikuwa ameivuta mpaka ikanyooka kama waya wa kuanikia nguo, akidhani ndivyo atakavyolala bila kujikunja.

Jaribu nyumbani. Chukua bidoni ya maji ya lita 20, pitisha kamba kwenye mkono wake, wewe shika ncha moja na mwenzako ashike nyingine. Mkisimama karibu karibu, kila mmoja anabeba kama kilo kumi. Sasa rudini nyuma hatua kwa hatua huku mkijaribu kuinyoosha kamba. Bidoni ni ileile, maji ni yaleyale, lakini mikono inaanza kutetemeka. Mkitaka kamba inyooke kabisa hamtaweza, hata mkiwa wanaume wanne. Uzito unavutwa chini na ardhi, na kamba iliyolala haiwezi kuubeba kwenda juu isipokuwa kwa kujivuta sana kwenda pembeni.

Hesabu yake ni hii. Mtu wa kilo 80 akilala katika machela ambayo kamba zake zimeteremka kwa digrii 30 kutoka usawa, kila kamba inavutwa kwa kilo 80. Kamba zikiteremka kwa digrii 15 tu, kila moja inavutwa kwa kilo 155. Kwa digrii 10 ni kilo 230. Kwa digrii 5, ambayo machoni ni kamba iliyonyooka, ni karibu kilo 460. Mtu hajaongezeka hata gramu moja. Miti nayo inavutwa vivyo hivyo, na kila pete na kila fundo lililo katikati.

Kwa hiyo digrii 30 ndiyo kipimo cha kushika. Huna haja ya chombo. Kunja vidole vitatu vya mwisho, nyoosha kidole cha shahada na kidole gumba vifanye pembe ya mraba kama mtoto anayecheza bunduki. Shika mkono kando ya kamba, kidole gumba kikiwa juu upande wa mti, kidole cha shahada kikiwa kimelala kuelekea machela. Kamba ikipita kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha shahada, uko karibu na digrii 30. Mikono ya watu inatofautiana kidogo, lakini kwa kazi hii inatosha.

Miti ikiwa mbali mita nne, kamba ifungwe kwenye mti kwa kimo cha kama mita moja na sentimita 60, ili unapokaa makalio yawe sentimita 45 hivi juu ya ardhi, kama kiti cha kawaida. Miti ikiwa mbali mita tano, panda hadi karibu mita moja na 90. Zaidi ya mita tano utahitaji kupanda ngazi, kwa hiyo tafuta miti mingine. Na usifunge machela juu zaidi ya kimo cha kiti. Kijana wetu angeanguka kutoka sentimita 45 angeamka na kucheka.

Wengine wataniambia kwamba machela iliyolegea inampinda mtu kama ndizi. Ni kweli, ukilala katikati sawasawa na kitambaa. Lala mshazari, kichwa kidogo upande mmoja na miguu upande wa pili, nawe utaona mgongo unanyooka. Hapo ndipo usingizi ulipo, na ndiyo sababu kitambaa kipana ni bora kuliko chembamba.

Wanaotaka kulala vilevile kila usiku hufunga uzi mwembamba usionyumbulika kutoka ncha moja ya machela hadi nyingine, juu ya mtu, wenye urefu wa asilimia 83 ya urefu wa machela. Machela ya mita tatu inapata uzi wa mita mbili na nusu. Uzi huo unaweka kina cha kitanda pale pale hata miti ikibadilika, na unafaa kutundikia chandarua. Msiusahau chandarua. Malaria haijali kama umelala chini au juu.

Kamba ya kubeba mtu

Sasa tunaweza kuuliza nguvu. Tuchukue yule mtu wa kilo 80 aliyekosea pembe akafunga kwa digrii 15: kilo 155. Akijitupa ndani badala ya kukaa polepole, mvuto unafika mara mbili, kilo 310. Fundo la kawaida linaweza kupunguza nguvu ya kamba hadi nusu, kwa kuwa nyuzi za upande mmoja zinabanwa na za upande wa pili zinavutwa. Basi kamba inayotakiwa ni ile ambayo ikiwa haina fundo inavumilia kilo 620 kabla ya kukatika, na bado hatujahesabu jua, mchanga na umri. Mimi nasema isipungue kilo 800, na tani moja ni afadhali.

Kamba ya plastiki ya sokoni, ambayo mafundi wanaiita polipropilini, inaweza kufika huko ikiwa mpya na ikiwa nene. Ubaya wake ni mwingine. Jua linaila haraka. Kamba iliyokaa miezi juu ya paa inabaki na rangi yake nusu, lakini ukiikunja inatoa unga na nyuzi zake zinakatika kwa kucha. Pia inateleza, fundo lake linajifungua lenyewe, na ikisuguana na kitu kwa kasi inayeyuka. Ile ya kijana wetu ilikuwa milimita 6, ilikuwa imefungia mzigo wa baiskeli msimu mzima, na ilikuwa imezungushwa moja kwa moja kwenye gome lenye magamba. Sitaki kuiona tena chini ya mtu. Kwa turubai inaweza kusaidia siku mbili tatu.

Kamba ya katani ina sifa nzuri ya kushika fundo, lakini inaoza. Ikilowa na kukauka mara nyingi, moyo wake unaharibika kabla ya ngozi, nawe huoni. Ifungue kidogo kwa kuizungusha kinyume, unuse. Ikinuka kama uyoga, itupe.

Nailoni ina nguvu sana nayo inavutika. Kwa wapanda milima hilo ni jema kwa kuwa linapokea kishindo, lakini kwa machela maana yake ni kwamba unalala saa mbili za usiku kwenye kimo cha kiti na unaamka umegusa matope. Ikilowa inavutika zaidi na inapoteza sehemu ya nguvu zake.

Poliesta ndiyo ninayoipenda. Haivutiki sana, hainywi maji mengi, inavumilia jua kuliko zile nyingine. Kamba nzuri ya poliesta ya milimita 8 ikiwa mpya inavumilia zaidi ya tani moja.

Kuna na kamba nyembamba za kisasa, jina la kibiashara la mojawapo ni Dyneema, ambazo milimita 3 tu zinabeba zaidi ya kilo 700. Ndugu zetu wa Ulaya wakija likizo wanazileta. Ni nyepesi ajabu na haziloi. Lakini zinateleza kama samaki kambale, mafundo ya kawaida hayazishiki, na zinayeyuka kwa digrii 150 hivi, yaani ziko dhaifu mbele ya moto na msuguano. Hazifungwi fundo. Ncha inaingizwa ndani ya kamba yenyewe, kwa sababu ina tundu katikati, na mvuto unaibana. Asiyejua kazi hiyo asizitumie kwa kulala.

Iwe kamba gani, usiizungushe kwenye mti. Hapo ndipo tunahitaji mkanda mpana, angalau sentimita mbili na nusu, tano ni bora. Kamba nyembamba inakata gome, na chini ya gome ndimo chakula cha mti kinapita. Ukilikata pande zote mti unakufa, na mwenye shamba hatakukaribisha tena. Mkanda mpana pia hauteremki, na hausuguliki.

Mikanda hiyo haihitaji kuagizwa ng'ambo. Nenda kwa mafundi wa magari, uliza mkanda wa usalama wa gari lililokufa. Ni poliesta, una upana wa karibu sentimita tano, umetengenezwa kumzuia mtu mzima asipasue kioo. Chagua uliokuwa umefichwa ndani ya nguzo ya gari, usiopigwa na jua, na usiochukuliwa kwenye gari lililogonga. Au nunua mkanda wa kufungia mizigo ya lori. Inayotoka Ulaya ina kitambulisho kilichoshonwa: cha bluu ni poliesta, cha kijani ni nailoni, cha kahawia ni polipropilini. Juu yake kuna herufi LC na namba yenye daN. Hesabu daN moja kama kilo moja. Kitambulisho kikiwa kimekatwa, jiulize kwa nini.

Mshonaji atakukunjia ncha moja kuwa kitanzi. Ashone kwa uzi wa poliesta, mistari mingi ya kwenda na kurudi, kiasi cha sentimita kumi, asitumie uzi wa pamba. Kama huna mshonaji mwenye mashine nzito, funga fundo la nane: pinda mkanda mara mbili, chora namba nane kwa huo uliopinda, kaza. Linaacha nguvu nyingi kuliko fundo la kawaida. Mkanda unazunguka mti, ncha yake inapita ndani ya kitanzi, unavuta. Basi.

Chuma, na pale chuma kisipohitajika

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu watu wanapenda chuma kuliko inavyopasa. Kiunganishi kati ya mkanda na machela kinaweza kuwa kijiti. Tengeneza kitanzi katika mkanda, ingiza ndani yake kijiti kigumu, kikavu kiasi, kinene kama kidole gumba, halafu kitanzi cha machela kivalishwe nyuma ya kijiti, juu ya mkanda wenyewe, si juu ya kijiti. Kijiti kinazuia tu, hakibebi. Asubuhi unakichomoa na fundo linaanguka lenyewe. Bei yake ni bure na hakishiki kutu.

Ukitaka kulabu yenye mlango, ile wapanda milima wanaiita karabina, soma ubavu wake. Ya kweli imeandikwa namba na kN. Hesabu kN moja kama kilo 100. Za kupandia milima zina angalau kN 20 kwa urefu wake na mlango ukiwa umefungwa, lakini saba tu au zaidi kidogo mlango ukiwa wazi au ikivutwa kwa upana. Kwa hiyo angalia imekaa kwa urefu. Vile vidogo vya rangi rangi vya kuning'inizia funguo vinafanana nazo kama mtoto anavyofanana na baba, na vinavunjika kwa uzito wa mtu. Kama hakuna namba, ni cha funguo.

Kulabu zenye umbo la herufi S zinanyooka. Pete ambayo fundi ameikunja kwa chuma cha ujenzi cha milimita 8 bila kulehemu maungio inafunguka polepole, usiku mmoja milimita moja, usiku wa pili mbili, mpaka siku yake. Fundi alehemu, na asage makali yote, kwa sababu mkanda mzuri unakatwa na ukingo mbaya wa pete. Pitisha kidole ndani ya pete. Kikikwaruzwa kidole, mkanda utakwaruzwa zaidi.

Mti ulio hai, na nguzo ya matofali

Mti uwe hai, uwe na unene wa sentimita 15 au zaidi, usitikisike unapousukuma kwa bega. Mgomba si mti, hata kama umesimama mahali pazuri. Ni majani yaliyojikunja. Mpapai ni laini na una tundu. Kabla ya kufunga chochote, tazama juu kwa utulivu. Tawi lililokufa juu yako litachagua usiku wa upepo. Mti wote uliokufa ni hatari zaidi, kwa kuwa wewe ndiwe utakayeuvuta uje kichwani.

Kwenye misheni na shule zetu kuna kishawishi kingine: nguzo za veranda. Nawasihi sana hapa. Nguzo ya matofali imejengwa kubeba paa, yaani kusukumwa kutoka juu kwenda chini. Mtu wa kilo 80 katika machela iliyofungwa vizuri anaivuta kwa pembeni kwa kilo 70 hivi, na machela iliyonyooshwa inaivuta kwa mamia. Matofali na udongo au saruji chache haviwezi kuvutwa pembeni. Mwaka 2020 katika jimbo la Ohio, Marekani, wasichana wawili ndugu walikufa walipokuwa katika machela: nguzo ya matofali waliyoifungia iliwaangukia. Nchi yenye wakaguzi wa majengo. Kwetu, ambako nguzo nyingi hazina hata chuma kimoja ndani, jibu ni hapana, hata kwa mtoto, hata kwa dakika tano. Mama mmoja kambini alinijibu kwamba nguzo ile imesimama miaka ishirini. Nilimwambia, mama, miaka ishirini hiyo hakuna mtu aliyeivuta kwa upande.

Turubai juu ya mlalaji

Turubai halibebi mtu, kwa hiyo kamba ya milimita 3 au 4 inatosha, na fundo likikosea unalowa tu. Lakini mtu aliyelowa saa tisa za usiku katika milima ya Kivu anatetemeka mpaka asubuhi, na mtoto au mgonjwa hapaswi kuwekwa katika hali hiyo.

Tunayo mengi kwetu, na kwa huzuni tunajua kwa nini. Shitingi za misaada kwa kawaida zina mita 4 kwa 5 au 4 kwa 6, na moja inafunika machela mbili bila shida. Familia ngapi zimelala chini yake miaka mingi! Kwa hiyo yanayofuata yanawahusu na wao, hata wasio na machela.

Kamba ya mgongo wa turubai ifungwe kwenye miti peke yake, juu ya mikanda ya machela, wala isifungwe kwenye mkanda huo. Ukilala, machela inashuka. Turubai likiwa limefungwa pamoja nayo linashuka pia, linalegea, na maji yanakusanyika katikati kama tumbo la ng'ombe. Turubai liwe na mteremko mkali kila upande, na upande wa upepo lishuke karibu na ardhi.

Hapa pia chagua poliesta. Nailoni ikinyeshewa inalegea, nawe utatoka kwenye mvua kwenda kukaza. Kama una kamba ya plastiki tu, itumie, lakini kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, kiasi cha shibri mbili, uuweke kati ya turubai na kamba kwenye kila pembe. Upepo ukipiga, mpira unavutika na kurudi. Bila mpira, kishindo chote kinaenda kwenye tundu la turubai, nalo linachanika. Waendesha chukudu wamejua nguvu ya mpira huo zamani. Ni mayele ya bei ndogo kabisa.

Tundu likiwa limechanika, au turubai halina tundu pale unapotaka, usitoboe kwa msumari. Weka kijiwe laini, cha mviringo, kama yai dogo, chini ya turubai, likusanye turubai kukizunguka, funga kamba shingoni mwa kijiwe. Linashika kuliko tundu la kiwandani. Jiwe lenye makali litalikata, kwa hiyo lichaguliwe mtoni.

Kwa kukaza unahitaji fundo moja linaloteleza. Zungusha kamba kwenye kigingi, irudishe, ncha izungushe kamba kubwa mara mbili kwa upande wa ndani, kuelekea kigingi, halafu mara moja kwa upande wa nje, pitisha na ubane. Ukilisukuma kwa mkono linateleza, kamba ikivutwa linashika. Vigingi vichomekwe vikiegemea nje, kinyume na turubai. Katika udongo uliolowa lazia jiwe juu.

Jambo dogo ambalo hakuna aliyenifundisha: maji yanatembea kwenye kamba. Mvua inanyesha juu ya mkanda wa machela nje ya turubai, maji yanafuata mkanda yakiteremka mpaka kitandani, na unaamka mgongo umelowa ilhali turubai halivuji. Funga uzi wa pamba au kipande cha kitambaa kwenye mkanda, ndani kidogo ya ukingo wa turubai, kining'inie. Maji yakifika hapo yanashuka kwenye uzi na kudondoka chini. Kama kuna pete katika mkanda, nayo inasaidia.

Moto, mshumaa na jiko vikae mbali na turubai na mikanda. Na radi: mashariki mwa nchi yetu ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Hakuna kamba wala chuma kinachosaidia hapo. Ngurumo zikikaribia, toka katika machela, achana na miti, ingia katika jengo lililofungwa au gari kama lipo. Na kama halipo, angalau usiwe umechagua mti mrefu kuliko yote, wala kilele cha kilima.

Kabla ya kulala

Sasa katika kambi zetu hakuna anayelala kabla machela haijajaribiwa. Kwanza msimamizi anapitisha mikanda yote mikononi polepole, akikunja kila sentimita chache, akitafuta nyuzi zilizokatika, mahali palipokakamaa kwa kuyeyuka, na rangi iliyopauka. Halafu mlalaji anakaa taratibu, kitako katikati ya kitambaa kilichotandazwa, miguu bado chini. Watu wawili wakubwa wanasukuma kitambaa kuelekea chini kwa mikono pamoja naye. Tunasubiri dakika moja, tunatazama kama fundo limesogea. Ndipo anapandisha miguu. Mtu mmoja kwa machela moja. Vijana wawili hawaingii pamoja hata kama wana picha ya kupiga.

Chini ya machela tunaondoa mawe na visiki kwa upana wa hatua moja kila upande. Kama tungalifanya hilo tu mwaka jana, mzizi ule ungalionekana.

Kamba iliyochoka hatuiweki stoo, kwa maana kesho mtu atakuja na haraka akaichukua. Tunaikata vipande vifupi visivyoweza kumbeba mtu. Ile ya bluu niliikata mwenyewe, kwa kisu cha jikoni, na ilinichukua muda mfupi sana. Vipande vyake vinafunga mbuzi wa jirani.